Kijiko cha Mtakatifu Tarsiana

Kama umefika mwezi wa tatu wa dawa za kifua kikuu, na asubuhi moja umeamka ukajiona mzima, karatasi hizi ni zako. Keti uzisome kabla hujafanya lolote. Muuguzi Sabine, anayetupa vidonge hapa kituoni, ndiye aliyeniomba niandike, ili wanaongoja kwenye benchi wawe na kitu cha kusoma zaidi ya ile picha ya mapafu iliyopigiliwa ukutani. Mimi si daktari. Nilimaliza shule ya sekondari, nikawa karani wa zamu mgodini mpaka nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa kuandika nani amefika na nani hakufika. Nitaandika hivyo hivyo hapa: siku nilizofika, na siku ambazo sikufika.

Kikohozi kilianza kiangazi, mwezi wa sita, baridi ya asubuhi inapochanganyika na vumbi la malori. Hapa Kolwezi kila mtu hukohoa kiangazi. Watu wanasema ni vumbi, nawe unasema ni vumbi, na vumbi halina mdomo wa kujitetea. Nilikohoa hivyo hadi mwezi wa nane. Suruali ikaanza kunishuka. Nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari, kisha la pili, kisha la tatu. Shuka zililowa jasho hata mke wangu, Mama Feli, akawa anazianika kila asubuhi kama nyumba yenye mtoto mchanga.

"Tata Mwepu," aliniambia siku moja huku akikamua shuka, "hii hapana vumbi. Vumbi hailalake na mutu mu kitanda."

Tunaishi Musonoi, karibu na mashimo ya mgodi. Baruti ikilipuka mchana, vikombe hugongana kabatini. Kutoka kwetu hadi kituo cha afya ni nusu saa kwa miguu. Kwa kifua changu cha wakati ule ilikuwa saa nzima, pamoja na kupumzika mara tatu: kwenye kibanda cha fundi pikipiki, kwenye ukuta wa shule, na kwenye jiwe moja ambalo mpaka leo nikilipita nalisalimu.

Benchi la wenye kikohozi liko nje, chini ya bati, upande wa upepo. Siku ya kwanza nilipewa kikopo chenye mfuniko, nikaambiwa niende nyuma ya ukuta nikohoe yale ya ndani kabisa. Nilirudi nimekificha ndani ya kofia. Nikamkuta Mama Ngoie ameketi, chake kiko mapajani, wazi mbele ya watu, kama aliyetoka kununua chumvi.

Mama Ngoie ni mjane, anauza ndagala, dagaa wakavu, sokoni, na sauti yake mtu huisikia kabla hajafika kwenye meza yake. Tulikuwa tunasali pamoja kila wiki. Nilitamani ardhi inifunike.

"Tata Mwepu! Na weye umeleta supu?"

"Ni vumbi tu, mama."

"Eeh, vumbi. Na yangu ni harufu ya ndagala."

Alicheka hadi akakohoa. Nami nikacheka hadi nikakohoa, mpaka Sabine akatoka mlangoni akatuambia tuzibe midomo, hapa si harusini.

Siku tatu baadaye tuliitwa mmoja mmoja. Wote wawili tulikuwa na kifua kikuu.

Nyumbani hakuna aliyenifukuza, lakini vitu vilianza kuhama. Sahani yangu ilihama kutoka kabatini ikaenda dirishani, peke yake. Kiti changu kilihamia barazani. Kisha akahama Kereni, mjukuu wangu wa miaka saba, tuliyekuwa tunamlea. Sabine alikuwa amewapima wote wa nyumbani, akawakuta salama, lakini binti yangu hakutaka kusubiri zaidi. Alimpeleka Kereni mji wa Sandoa, kwa shangazi yake. Asubuhi ya safari mtoto alinyoosha mkono kuniaga, mama yake akamvuta kwa bega. Sikumlaumu binti yangu wakati ule na simlaumu leo. Lakini mkono ule mdogo uliobaki hewani nilikaa nao miezi mingi.

Miezi miwili ya kwanza tulimeza vidonge kila asubuhi mbele ya macho ya Sabine. Vidonge vinne, vyekundu. Siku ya pili mkojo wangu ulitoka na rangi ya mafuta ya mawese, nikadhani nimeoza ndani. Sabine akaniambia hiyo ni dawa inapita, ningeogopa kama haipiti. Tumbo lilinichafuka. Bukari, ugali wetu, ambayo nimeila tangu nilipoota meno, ikawa na ladha ya chuma. Lakini Mama Ngoie alikuwa analeta kiazi kitamu kilichochemshwa, amekifunga kwenye kitambaa. Tukishameza anakikata vipande viwili, kikubwa anajiwekea yeye.

"We ni mwanaume muzee," alikuwa akisema. "Unaenda wapi na kiazi kikubwa?"

Kufika mwezi wa kumi, tundu la tatu la mkanda sikulihitaji tena.

Sasa lazima nieleze habari za mtakatifu, maana bila mimi na yeye ugonjwa wangu ungekuwa mfupi.

Parokia zetu zimegawanywa katika mashirika, yaani familia za mtaa mmoja zinazosali pamoja nyumba kwa nyumba. Kila shirika lina mtakatifu wake. Letu lilipewa Mtakatifu Tarsiana, ambaye hata padri alikiri hamjui sana. Sista mmoja mmisionari, zamani, alituachia picha yake katika fremu ya mbao na kitabu chembamba cha Kifaransa kuhusu maisha yake. Mimi nilikuwa msomaji wa Kifaransa katika shirika, basi kitabu kikakaa kwangu. Zaidi ya miaka ishirini nilikisoma kimya kwa Kifaransa na kukisema kwa sauti kwa Kiswahili, watu wakisikiliza mdomo wangu kana kwamba ndio kitabu chenyewe.

Tarsiana alikuwa binti wa mchonga mawe katika nchi ya milima. Baba yake alifukiwa na jiwe machimboni, naye akaingia utawani akiwa msichana. Kwa kuwa hakujua kuimba, alitiwa jikoni. Na huko jikoni, akimenya mboga, alimwona Bwana Yesu amesimama kati ya masufuria, na nywele zake zina vumbi jeupe la mawe, kama baba yake alivyokuwa akirudi kazini. Alikuwa akikaa hivyo, kisu mkononi, macho wazi, haoni mtu, mpaka chakula kinaungua. Masista wenzake walimcheka, wakamwita sista wa masizi. Baadaye walikuja kumwuliza mambo ya roho zao, kwa zamu, mlangoni mwa jiko. Aliwaandikia barua wajane wa machimboni, barua fupi, za maneno ya jikoni. Kisha akashikwa na ugonjwa wa kifua, akaishi nao miaka kumi na mmoja, akafa. Watu wa machimboni walikuja kugusa mlango wa jiko lake, na barua zake zikanakiliwa kijiji kwa kijiji.

Unaweza kuelewa kwa nini Musonoi tulimpenda. Nilipofika mahali pa Yesu mwenye vumbi kichwani, kina mama waliofiwa na waume zao mashimoni walikuwa wanalia bila kujificha. Na mimi, nisiseme uongo, nilipenda wakilia. Nilijua nipunguze sauti wapi.

Lakini kuna ukurasa mmoja, karibu na mwisho, ambao nilikuwa nauruka. Unaeleza habari za chumba cha wagonjwa utawani. Niliuona ukurasa wa hospitali, hauna ndoto, hauna nuru, unapoza watu baada ya kuwapasha moto. Miaka yote niliupita kama mtu anavyopita nyumba isiyo na wageni.

Picha ya Tarsiana haikai kanisani. Inatembea. Kila nyumba hukaa nayo wiki moja, na Jumapili shirika zima huisindikiza kwa nyimbo hadi nyumba inayofuata. Nyuma ya fremu kumening'inia kifuko cha kitambaa cha buluu, ambamo watu hutia karatasi za nia zao. Kifuko hufunguliwa mara moja kwa mwaka, siku ya sikukuu yake, na karatasi huchomwa bila kusomwa. Na kabla picha haijaondoka, mwenye nyumba hutoa ushuhuda mlangoni.

Ilifika kwangu mwanzo wa mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zimeshanyesha, miembe imelemewa. Nilikuwa nimemaliza miezi miwili. Sabine alikuwa ametupa vidonge vya wiki mbili twende kumezea nyumbani, akatuambia bado miezi minne, akarudia, bado miezi minne. Lakini mimi nilikuwa nalala bila jasho. Nilipanda hadi kituoni bila kusalimu jiwe. Kila asubuhi ya wiki ile nilisali mbele ya picha na kukisoma kitabu tangu mwanzo. Siku ya sita nilifika kwenye ule ukurasa. Vidonge vyangu vilikuwa kabatini, hatua mbili kutoka nilipokaa. Niliona neno la kwanza, neno la dawa, nikajua ukurasa unakwenda wapi. Nikaufunua haraka, nikapita.

Miaka ishirini ya kuuruka ilikuwa ya kiburi. Siku ile niliuruka nikijua.

Jumapili, shirika lilipokuja kuichukua picha, nilisimama mlangoni nikiwa nimevaa koti. Nilisema Mtakatifu Tarsiana, aliyeteswa kifua, ameniponya kifua. Nilipunguza sauti mahali pake. Kisha nikatoa pakiti ya vidonge mfukoni, nikainyanyua watu wote waione, nikaitumbukiza katika kifuko cha buluu kama shukrani. Kina mama wakapiga vigelegele. Mama Ngoie alikuwa mbele kabisa. Yeye hakupiga kigelegele. Alikuwa anakitazama kifuko.

Watu walipoondoka, mke wangu aliniuliza:

"Na Sabine utamwambia nini?"

"Sabine ni wa dawa. Mimi niko wa imani."

"Tata, imani na dawa bilipigana lini? Mi sikusikia hiyo vita."

Nilimwambia anyamaze. Kati ya maneno niliyomwambia mke wangu katika miaka arobaini na minne, hilo ni miongoni mwa yale ningependa kuyarudisha.

Sabine alikuja nyumbani mara mbili kunitafuta. Mara zote mbili nilimwagiza Mama Feli aseme nimekwenda Kisenge kwenye msiba. Alisema, kwa kuwa mimi ni mume wake, huku amegeuza uso. Mara ya pili Sabine alimjibu, "Hao bantu ya Kisenge banakufa mingi sana, mama," akaenda zake. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango wa chumba, mzee mzima, nimeshika pumzi.

Krismasi ilipita. Uyoga ulianza kuuzwa barabarani katika mabeseni. Tulikula, nikashiba, nikajipongeza. Katikati ya mwezi wa pili kikohozi kilirudi. Hakikubisha hodi. Siku moja nilitema kwenye leso, nikaona damu, nikakaa chini kwenye matope ya njia. Jambo la kwanza nililofikiri halikuwa kifo. Nilifikiri: watu watasema nini.

Nililipita lile jiwe la njiani nikiwa nimeegemea bega la mke wangu. Kwenye benchi walikuwapo watu nisiowajua.

"Karibu kutoka Kisenge," alisema Sabine.

Nilimweleza yote, ushuhuda, kifuko, yote. Hakunigombeza. Alinipa kikopo. Safari hii makohozi yalikuwa yapelekwe mjini kwenye mashine, kuona kama dawa zile bado zinanifaa au ugonjwa umeshazizoea. Ningoje. Nilipokuwa nainuka aliuliza, akiwa ameinamia karatasi zake:

"Na Mama Ngoie? Eko shirika moja na weye? Tangu mwezi wa kumi na moja simuone."

Hapo ndipo nilipougua kweli.

Mama Ngoie anakaa mtaa wa nyuma ya soko. Nilimkuta amelala kwenye mkeka nje, kwenye jua, miguu imekuwa myembamba kama mipini ya mwiko. Mbabula, jiko lake la makaa, ilikuwa pembeni, imezimika. Ndani, juu ya meza, palikuwa na picha ya Tarsiana. Ilikuwa imepita kwake mwezi wa kumi na moja, wiki tatu baada ya kutoka kwangu, na yeye akatia vidonge vyake kifukoni kama mimi. Picha ikaendelea na nyumba nyingine. Alipoanza kukonda aliituma iletwe tena, na akakataa kuiachia.

"Mama, narudia dawa," nilimwambia. "Ugonjwa umerudi. Nilikosea. Twende kwa Sabine."

Alifungua jicho moja. Ile sauti ya sokoni ilikuwa imeisha, imebaki pumzi.

"Unarudia juu imani yako ilikuwa kidogo. Yangu hapana kidogo."

"Mama Ngoie, si imani..."

"Nikikunywa leo, ni sawa kusema Tarsiana ni mubongo, alitudanganya. Mi siwezi kumuita mutakatifu mubongo. We uko na bukari kwako, enda ukule."

Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Laiti angenilaumu. Nilikuwa nimempa kamba ya kujinyongea, naye anaisifu kamba. Nikamwambia habari za ukurasa, kwamba Tarsiana mwenyewe alikunywa dawa, imo kitabuni. Akacheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi cha muda mrefu. Alipotulia alisema:

"Miaka ishirini unasoma, hiyo haikukuwa. Leo Sabine anakutuma, imekuwa. Kitabu yako inazaa?"

Hakuwa na sababu ya kuniamini. Mimi ndiye niliyekuwa nimemfundisha kwamba kitabu ni mdomo wangu. Niliinuka kuondoka. Nikiwa mlangoni aliniita.

"Tata Mwepu. Madamu Esther anajua Kifaransa?"

Madamu Esther ni mwalimu, jirani yake, Mprotestanti wa kweli kweli, asiyetaka hata kusikia habari za sanamu.

"Anajua kuliko mimi."

"Basi alete macho yake. Ye hapendake batakatifu. Hatasema bongo juu ya kumutetea Tarsiana."

Jumapili shirika likakutana kwa Mama Ngoie, uani, kama tunavyofanya kwa mgonjwa asiyeweza kutembea. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi na mabati yalikuwa bado yanadondosha. Nilisimama bila koti. Niliwaambia kwamba ushuhuda wangu haukuwa kweli, kwamba nilipata nafuu kwa sababu ya vidonge na nikampa mtakatifu sifa ili nipate na mimi kidogo. Niliwaambia kuna ukurasa niliowanyima miaka yote. Mzee mmoja aliinamisha kichwa kwa aibu isiyo yake. Kisha nikampa Madamu Esther kitabu. Alikipokea kwa ncha za vidole, kama anayepokea samaki wa mtu mwingine, akavaa miwani, akasoma ukurasa wote kimya. Halafu akasema kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti ya darasani.

Kwamba Tarsiana alipougua, daktari wa kijiji alimpa dawa ya majani, ya kunywa kwa kijiko asubuhi na jioni. Kwamba mwanzoni aliikataa, akisema Bwana anamtosha. Kwamba sista mzee wa chumba cha wagonjwa alimwambia: Bwana amenituma mimi na kijiko, wewe unataka atume nani? Kwamba tangu siku ile alikunywa, miaka kumi na mmoja, bila kuruka hata siku moja.

"Ilikuwa buchungu?" Mama Ngoie aliuliza kutoka kwenye mkeka.

Madamu Esther akatazama kitabuni. "Anasema, buchungu sawa nyongo."

"Na Yezu alikuwa anamutokea bado? Ao alikasirika?"

"Alikuwa anamutokea. Hapa banasema mara ya mwisho alimuona, alikuwa na kijiko mu mukono." Akafunua ukurasa. "Na ndani ya hiyo nyumba ya basista, kitu yenye banaonyesha bageni hapana nguo yake, hapana mufupa. Ni hiyo kijiko." Akakifunga kitabu, akavua miwani. "Mi nilisoma tu. Mambo ya kuomba batakatifu, mutanisamehe."

Mabati yanadondosha. Mama Ngoie alinitazama mimi, si Madamu.

"Tata Mwepu," alisema. "We ulituficha kijiko."

"Ndiyo, mama."

"Banilete ile kifuko."

Mkwe wake aliingia ndani, akarudi na fremu. Mama Ngoie akakigeuza kifuko cha buluu juu ya mkeka. Zilianguka karatasi nyingi za nia, zimekunjwa kunjwa. Ikaanguka pakiti yangu. Ikaanguka yake. Na kisha, mbele ya macho yetu wote, ikaanguka pakiti ya tatu.

Tulitazamana uso kwa uso, nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyeidai. Picha ilikuwa imepita nyumba nyingi tangu kwangu, na nyumba za Musonoi zina wapangaji, wachimbaji wanaolala wiki mbili na kuhama, wageni wa wageni. Vidonge havina jina.

Mama Ngoie alipandishwa pikipiki kesho yake asubuhi, kati ya dereva na mkwe wake aliyemshikilia mgongoni. Sabine alimpeleka hospitali, na huko alilazwa. Majibu yangu yalirudi baada ya siku sita: dawa bado zinanifaa, nianze upya, mwezi wa kwanza. Yake yalichukua siku tisa. Siku hizo tisa sikukaa kwangu. Nilikaa kwenye benchi la nje ya wodi yao, pamoja na binti zake, ambao hawakunisalimu siku mbili za kwanza. Siku ya tatu mmoja alinipa kikombe cha munkoyo bila kunitazama. Nilikinywa chote. Siku ya tisa daktari alitoka akasema: dawa zinamfaa na yeye.

Miezi iliyofuata ilikuwa mirefu, na nitaipita haraka kwa kuwa ilikuwa mizuri. Mvua zilikwisha. Mama Ngoie alirudi nyumbani mwezi wa tano, vumbi likiwa limeanza. Kila asubuhi nilipita kwake twende kwa Sabine. Alipokuwa hawezi kutembea, Sabine alituruhusu tumezee kwake na mimi niandike tarehe kwenye kadi zote mbili. Hakunisamehe kwa maneno. Alinifanya nimeze kwanza.

"Fungua kinywa. Inua ulimi. Eeh. Mi sikuaminie tena weye."

Kisha anameza yeye, nami natakiwa niangalie chini ya ulimi wake. Kisha kiazi. Mwezi wa saba, nilipotazama mkononi mwangu, kipande kilikuwa kikubwa. Nilikila chote.

Kereni alirudi kutoka Sandoa baada ya Sabine kuhakikisha makohozi yangu ni safi. Alikuwa ameng'oka meno mawili na amejifunza kutukana kwa Kilunda. Sahani yangu ilirudi kabatini siku hiyo hiyo, sikumwona aliyeirudisha. Na mke wangu nilimwomba msamaha kwa lile neno la kunyamaza. Alikuwa anachambua mboga ya lengalenga. Alisema, "Nilikuwa nangoja," akaendelea kuchambua.

Mimi nilimaliza dawa mwishoni mwa mwezi wa nane. Mama Ngoie alimaliza wiki mbili baada yangu, na nilikwenda naye. Sabine alipopiga mstari kwenye kadi yake, Mama Ngoie alisema, "Na kiazi sasa nitakata na nani?" Tulicheka bila kukohoa.

Nisikupambie. Kifua chake hakikurudi kama zamani. Beseni la ndagala hawezi tena kulibeba kichwani. Binti yake analibeba, yeye anakaa mezani. Ile sauti ya sokoni ilirudi nusu. Nusu nyingine niliichukua mimi, na hakuna sala inayoirudisha.

Picha ya Tarsiana inaendelea kutembea. Mama Ngoie amefunga kijiko kwenye fremu yake kwa uzi, kijiko cha kawaida cha chuma, na sasa katika nyumba yenye mgonjwa, mgonjwa humeza dawa zake mbele ya picha, watu wakiangalia. Nikiitwa kusoma, ananikatiza nikiwa bado kwenye utoto wa mtakatifu. "Anzia ku kijiko," anasema. Naanzia kwenye kijiko. Watu hawalii sana kama zamani. Lakini wanasikiliza.

Pakiti ya tatu iko kwa Sabine, ndani ya droo yake. Alilinganisha na orodha yake. Wagonjwa wake wengine wote walikuwa wanafika. Kwa hiyo mwenye pakiti alichukua dawa kituo kingine, au alihama kabla hatujajua jina lake. Labda ni wewe unayesoma, ulisimama nyuma ya umati mlangoni kwangu siku ile, ukaniona nikiinyanyua pakiti yangu, ukaniamini. Ndiyo maana nimeandika karatasi hizi kwa mkono mara nyingi, na Sabine anazituma kwenye vituo vingine, hadi Kisenge, hadi Sandoa. Kila wiki bado namwuliza kama kuna aliyekuja.

Kama ni wewe, hutaulizwa kitu. Benchi liko nje, chini ya bati, upande wa upepo. Njoo asubuhi. Mimi nipo pale kila siku ya dawa, na nimebeba kiazi. Kipande kikubwa ni chako.